Konea ya bandia: mgonjwa anaona nini hasa baada ya kuwekewa?

#1 Optika_Shangani (Mtwara)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mpimaji wa macho hapa Mtwara mjini. Kila msimu wa korosho unapofungwa na watu wakapata fedha ya nauli, familia humleta mzee au kijana ambaye jicho lake limezibwa na chamba cheupe, na swali huwa ni lile lile: ile konea ya bandia inayooneshwa kwenye simu, je, inaweza kumrudishia nuru? Habari iliyoenea zaidi ni ya Januari 2021, ya mzee wa miaka 78 nchini Israel ambaye alikuwa haoni kwa miaka kumi, akawekewa konea ya bandia iitwayo CorNeat KPro, na bandeji ilipoondolewa akawatambua ndugu zake na kusoma namba. Habari hiyo ni ya kweli. Hata hivyo naona watu wanaisoma nusu, kwa hiyo nimeona nifungue uzi huu tulizungumze jambo lenyewe kwa utulivu: kifaa hiki, kikiwa kioo cha kupitisha na kukusanya mwanga, kina ubora gani, na mgonjwa anaona nini.

Konea ni kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, na haina mshipa wa damu hata mmoja. Wengi hudhani kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kukusanya mwanga, kumbe konea pamoja na utando wa machozi unaoifunika ndiyo yenye takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga) 43 kati ya 60 za jicho zima. Vijana wanaozamia pweza kule Mikindani wanalijua hili kwa vitendo: ukifumbua macho chini ya maji bila miwani ya kuzamia kila kitu huwa ukungu, kwa sababu maji yakishagusa konea, ule mpaka wa hewa na jicho unaopinda mwanga hutoweka.

Konea ya asili huwa angavu kwa sababu nyuzi zake za kolajeni ni nyembamba mno na zimepangwa kwa nafasi zinazolingana, na kwa sababu tabaka la seli lililo nyuma yake hufanya kazi usiku na mchana ya kusukuma maji nje. Kovu likishavuruga mpangilio huo, mwanga hutawanyika badala ya kupita. Huku kwetu makovu hayo hutokana na vikope vilivyoachwa muda mrefu, surua na upungufu wa vitamini A utotoni, vidonda vya fangasi baada ya kuchomwa na jani au kijiti shambani, na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni.

Wazo la kuweka kioo mahali pa konea iliyokufa ni la zamani kuliko upandikizaji wenyewe. Mfaransa Pellier de Quengsy alilitoa mwaka 1789, ilhali konea ya binadamu ilipandikizwa kwa mafanikio kwa mara ya kwanza Desemba 1905, na Eduard Zirm, katika mji wa Olomouc, ambao sasa uko Jamhuri ya Cheki. Vioo vya mwanzo vilitemwa na jicho. Njia ilifunguka baada ya Harold Ridley wa Uingereza kubaini kwamba vipande vya akriliki kutoka madirisha ya ndege za kivita, vilivyowaingia marubani machoni, havikuleta uvimbe mkali. Akriliki hiyo, kwa jina la kitaalamu PMMA, ndiyo aliyotengenezea lenzi ya kwanza ya kuwekwa ndani ya jicho mwaka 1949, na ndiyo inayotumika katika konea nyingi za bandia.

Kifaa kilichotumika zaidi duniani ni cha Boston, kilichobuniwa na Claes Dohlman na wenzake kuanzia miaka ya 1960 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1992. Umbo lake ni kama kishikizo cha shati chenye vichwa viwili: sahani ya mbele, shina fupi, na sahani ya nyuma yenye matundu. Katikati ya sahani hizo hubanwa konea ya mtu aliyefariki. Konea hiyo haipo kwa ajili ya kuona. Ipo ili ishonwe kwenye jicho na kukishikilia kifaa. Mwanga hupita ndani ya shina, ambalo kipenyo chake ni zaidi kidogo ya milimita 3.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Shina hilo ni kioo kizuri sana. Akriliki safi hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga tunaouona. Uso wake umechongwa kwa mashine, kwa hiyo ni laini na wa duara kamili, tofauti na konea ya kupandikizwa ambayo nyuzi za kushonea huivuta upande huu na ule hata mgonjwa akabaki na astigimatizimu, yaani mwanga kutokusanyika mahali pamoja, ya dayopta nne au tano. Tundu dogo la shina nalo huzuia miale ya pembeni ambayo ingeharibu taswira. Ukikitazama kama chombo cha mwanga peke yake, tatizo la konea ya bandia limekwisha kutatuliwa kwa kiasi kikubwa. Anayebaki haoni, mara nyingi hakwamishwi na kioo. Anakwamishwa na nyama inayokizunguka na vilivyo nyuma yake.

Ushahidi upo. Utafiti wa vituo 17 uliochapishwa mwaka 2006 ulifuatilia vifaa 141 vya Boston, na kwa wastani wa miezi minane na nusu asilimia 95 ya vifaa vilikuwa bado mahali pake. Lakini katika macho yaliyofuatiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi, yaliyofikia uoni wa 6/60 au bora zaidi yalikuwa asilimia 56, na yaliyofikia 6/12 yalikuwa asilimia 23. Tafadhali zitazameni namba hizo pamoja. Kioo kipo, ni kisafi, na bado karibu nusu ya macho hayakufika 6/60.

#2 Binti_Tandahimba

Shikamoo daktari, na asante sana kwa maelezo haya.

Mimi nina mjomba, naye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, kwa hiyo jambo lake ni letu sote. Jicho la kushoto liliharibika na surua akiwa mdogo. La kulia lilimsumbua kwa vikope miaka mingi, kope zikawa zinageukia ndani na kukwaruza, na sasa nalo ni jeupe. Hutembea kwa kushika bega la mtoto. Wadogo zangu walimwonesha, yaani walimsomea, ile habari ya Israel, na tangu siku hiyo haulizi kitu kingine.

Ninaomba kuelewa mambo mawili. Hiyo 6/60 ni kuona kwa namna gani, kwa maana ya kazi za nyumbani na shambani? Na je, mtu mwenye historia ya vikope anafaa kuwekewa kifaa hiki?

#3 Mwalimu_Nachingwea

Ninafundisha fizikia, nami nimevutiwa na upande wa hesabu. Umesema konea ina dayopta 43, lakini akriliki hupinda mwanga zaidi kuliko konea: kiwango chake cha kupinda mwanga ni 1.49, wakati cha konea ni 1.376. Je, maana yake uso wa kifaa unakuwa bapa zaidi kuliko wa konea? Na iwapo mgonjwa alishaondolewa lenzi ya ndani, nguvu iliyopotea inafidiwa wapi?

#4 Optika_Shangani

Marahaba, binti yangu. Nianze na Mwalimu kwa sababu jibu lake litasaidia kukujibu wewe.

Mwalimu, umelenga penyewe. Nguvu ya uso mmoja ni tofauti ya viwango vya kupinda mwanga vya pande mbili, ukigawanya kwa nusu kipenyo cha mviringo wake kwa mita. Uso wa mbele wa konea una nusu kipenyo cha milimita 7.8 hivi, kwa hiyo 0.376 ukigawanya kwa 0.0078 unapata dayopta 48, na uso wa nyuma unaogusa maji ya jicho hupunguza dayopta kama 6, ndipo tunabaki na 42 au 43. Kwa akriliki, tukichukulia kwamba uso wa nyuma ni bapa na hauongezi wala haupunguzi kitu, dayopta 43 zitapatikana kwa mviringo wa milimita 11.4, ambao kweli ni bapa zaidi. Lakini kwa jicho lisilo na lenzi, kifaa kinapaswa kubeba mzigo wote wa dayopta 60 peke yake, na hapo mviringo unarudi kwenye milimita 8 na ushei, karibu sana na ule wa konea ya asili. Kwa hiyo nguvu iliyopotea hufidiwa palepale kwenye uso wa mbele wa kifaa.

Ndiyo maana kifaa cha Boston hutengenezwa kwa aina mbili: kimoja cha jicho lenye lenzi ya bandia ndani, na kingine cha jicho lisilo na lenzi, ambacho huagizwa kwa nguvu inayolingana na urefu wa jicho la mgonjwa. Urefu huo hupimwa kwa ultrasaundi, maana konea nyeupe haipitishi mwanga wa vipimo vingine. Kosa la milimita moja tu katika urefu huo huacha kasoro ya dayopta mbili na nusu hadi tatu. Habari njema ni kwamba kasoro hiyo hurekebishika kwa miwani, au kwa nguvu inayowekwa kwenye ile lenzi laini ambayo mgonjwa hukaa nayo juu ya kifaa wakati wote.

Lenzi laini hiyo nataka niisemee kidogo, kwa kuwa ina kazi ya mwanga pia. Akriliki haishiki machozi vizuri. Machozi yakikatikakatika juu yake, uso wa kwanza unaokutana na hewa unakuwa na mabaka, na tulishaona kwamba uso huo ndio wenye nguvu kubwa kuliko zote. Lenzi laini hulinda nyama isikauke, na hapohapo huufanya uso uwe wa kulowana sawasawa. Tena yapo macho yasiyo na ua la jicho, lile duara la rangi linalozuia mwanga usiingie ovyo. Kwa macho hayo, mwanga wa jua hupenya kwenye nyama iliyozunguka shina, ukatawanyika ndani, na kila kitu kikaonekana kama kimefunikwa pazia jepesi. Herufi nyeusi ubaoni atazisoma, lakini ngazi ya saruji kwenye jua la saa saba haioni, kwa sababu tofauti ya kivuli na mwanga imefutika. Lenzi laini yenye rangi hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kizuri.

Sasa binti yangu. Mwenye 6/60 huona akiwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60. Hawezi kusoma gazeti kwa kawaida. Lakini hutembea uani na kwenye njia ya shamba bila kushikwa mkono, huuona mlango na mti, humtambua mtu akisogea karibu, na akiwa na kioo cha kukuzia anaweza kuchambua noti. Kwa mtu anayeona giza na mwanga tu, hayo ni mabadiliko makubwa ya maisha. Lazima ajue pia kwamba uwanja wa kuona ni mwembamba, kwa kuwa anatazama kupitia shina, hivyo itambidi azoee kugeuza kichwa. Na nguvu ya kioo ni moja, haibadiliki; vya mbali vikiwa sawa, vya karibu vitahitaji miwani.

Kuhusu vikope, hapa nakuwa mwangalifu zaidi. Kifaa cha Boston cha kawaida, hiki tunachokizungumzia, kinahitaji jicho lenye majimaji na kope zinazofumba vizuri. Vikope vya muda mrefu huharibu vyote viwili. Kope zinazogeukia ndani ni lazima zifanyiwe upasuaji kwanza, bila kujali kitakachofuata. Kwa macho makavu kabisa ipo njia aliyoianzisha Mwitaliano Benedetto Strampelli mwaka 1963: jino la mgonjwa mwenyewe pamoja na mfupa wake huchongwa, likatobolewa na kuwekewa mrija wa akriliki, kisha likapandikizwa kwenye jicho lililofunikwa kwa ngozi laini ya ndani ya shavu. Jino ni mali ya mwili wenyewe, kwa hiyo jicho hulikubali na linaweza kudumu miaka mingi. Ni upasuaji mzito, wa hatua zaidi ya moja, na ni vituo vichache tu duniani vinavyoufanya.

#5 Muuguzi_Lindi

Ndugu mtoa uzi ameeleza upande wa kioo vizuri, na ninaunga mkono hoja yake. Naomba niongeze upande ambao sisi wauguzi wa macho ndio tungebaki nao baada ya mgonjwa kurudi nyumbani.

La kwanza ni presha ya macho. Katika jicho lenye konea ya bandia, hii ndiyo inayoiba nuru zaidi, nayo huiba kimya kimya, kwa sababu huua mshipa wa fahamu ilhali kioo kikiwa safi. Vipimo vyetu vya kawaida hugusa konea na kupima inavyobonyea. Akriliki haibonyei. Kinachobaki ni vidole: unamwomba mgonjwa atazame chini, unaweka ncha za vidole viwili vya shahada juu ya kope la juu, unabonyeza kidole kimoja taratibu na kusikiliza kwa kingine jinsi jicho linavyorudisha. Mwenye uzoefu hutofautisha jicho laini, la wastani na gumu kama jiwe, lakini namba hapati. Kwa hiyo mshipa wa fahamu utazamwe kupitia shina na uwanja wa kuona upimwe kila baada ya muda, maisha yote ya mgonjwa.

La pili ni utando unaoota nyuma ya kifaa. Huu ni wa kawaida, na mara nyingi daktari huutoboa kwa miale ya leza iitwayo YAG bila kupasua tena. Mashine hiyo lazima iwepo mahali mgonjwa anapofikika. Mtu wa Liwale ambaye barabara yake hukatika wakati wa masika hawezi kupangiwa matibabu kana kwamba anakaa jirani na hospitali.

La tatu ni dawa. Matone ya antibayotiki ni ya kila siku, milele. Siyo ya wiki mbili. Mpaka wa plastiki na nyama haufungi kama kidonda kinavyofunga, na kijidudu kikipita hapo jicho linaweza kupotea ndani ya siku chache. Fikirieni pia wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Vumbi lile huwachoma hata wenye macho mazima. Sasa mgonjwa amevaa lenzi laini usiku na mchana, na maji ya kunawa ni ya kisima. Mgonjwa wa aina hii haendi shambani wakati wa salfa, na familia ikubali hivyo kabla ya upasuaji.

Binti wa Tandahimba, sikuandika haya kukukatisha tamaa. Nimeandika ili muulize maswali haya mapema, mkiwa pamoja na mjomba.

#6 Mkazi_wa_Kilwa

Nashukuru kwa elimu hii. Swali langu ni fupi. Kama kifaa cha Boston chenyewe kinahitaji konea ya marehemu ya kukishikilia, kwa nini asipandikizwe hiyo konea moja kwa moja? Pia nilisoma kuhusu konea iliyotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, na hapa kwetu wengi ni Waislamu. Ningependa kujua hiyo ni nini.

#7 Optika_Shangani

Kaka wa Kilwa, pale ambapo konea ya binadamu inaweza kukubalika na jicho, hiyo ndiyo chaguo la kwanza, na hakuna daktari makini atakayeanza na plastiki. Kifaa huja pale ambapo konea zilizopandikizwa zimekataliwa mara kwa mara, au jicho lina mishipa mingi ya damu kiasi kwamba linajulikana mapema litaikataa. Konea ya kushikilia inaweza kufifia bila madhara makubwa kwa uoni, maana mwanga haupiti hapo. Shida nyingine ni uhaba: tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2016 ilikadiria kwamba watu milioni 12.7 walikuwa wakisubiri konea, na kwamba ilipatikana konea moja kwa kila watu 70 wenye uhitaji. Ndiyo sababu ya kutafuta vifaa visivyohitaji marehemu kabisa. CorNeat ni mmojawapo: ukingo wake umefumwa kwa nyuzi nyembamba mno ili nyama ya jicho iote ndani yake.

Ile ya nguruwe ni jambo tofauti, na nafurahi umeuliza. Ni kolajeni iliyosafishwa kutoka kwenye ngozi ya nguruwe na kuimarishwa, kazi ya watafiti wa Linköping nchini Sweden iliyochapishwa Agosti 2022. Waliwawekea watu 20 nchini Iran na India. Kumi na wanne kati yao walikuwa wamehesabiwa kuwa vipofu, na baada ya miaka miwili hakuna aliyebaki kwenye kundi hilo. Kwa upande wa mwanga matokeo yalipendeza, kwa sababu kolajeni ni mali ile ile ambayo konea imeumbwa nayo, uwanja wa kuona haubanwi na shina lolote, na machozi huishika vizuri. Lakini wagonjwa hao walikuwa na konea iliyokonda na kuchongoka, siyo iliyojaa kovu. Kipande huingizwa ndani ya konea ya mgonjwa kupitia mpasuko mdogo ili kuinenepesha na kuinyoosha. Konea yake haiondolewi. Chamba cheupe cha vikope au surua hakitoki kwa njia hiyo. Kuhusu hukumu ya dini, hilo waulizwe masheikh wenye elimu ya mambo ya tiba, mimi si mahali pangu. Ninachoweza kusema ni kwamba Iran, nchi ya Kiislamu, ilishiriki majaribio hayo.

Mwalimu, kama bado upo, wanafunzi wako wanaweza kupiga hesabu ile ile kwa kolajeni; kiwango chake cha kupinda mwanga kiko karibu na cha konea, kwa hiyo mpaka kati ya kipande na konea karibu haupindi mwanga kabisa. Kinachobadilika ni umbo la uso wa mbele.

#8 Binti_Tandahimba

Nimerudi kuwapa taarifa. Tulimpeleka mjomba kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa. Walizima taa, wakamulika tochi ndogo kutoka juu, chini, kulia na kushoto, wakamwambia aoneshe mwanga unatoka wapi. Kwa jicho la kulia alionesha pande zote bila kukosea. La kushoto halikuona mwanga hata tochi ilipokaribia kope. Mtaalamu amesema kope za kulia zifanyiwe upasuaji kwanza, tena mapema. Jicho hilo bado lina machozi ya kutosha kiasi. Mjomba anauliza kama kushindwa kwa la kushoto kunamaanisha ndiyo basi.

#9 Optika_Shangani

Kwa jicho la kushoto, ndiyo, na aelezwe hivyo bila kuzungushwa. Jicho lisiloona hata mwanga wa tochi limekufa nyuma, kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) au mshipa wa fahamu, na hakuna konea ya aina yoyote, ya mtu wala ya plastiki, itakayolisaidia. Asikubali mtu yeyote amtoze fedha kwa ajili ya jicho hilo.

La kulia ni habari nyingine. Jicho linalotambua mwanga unatoka upande gani lina dalili nzuri kwamba retina yake inafanya kazi, na hilo ndilo sharti la kwanza. Yafuatayo yafanyike kwa mpangilio: kope zirekebishwe na zipone, ipimwe ultrasaundi kuhakikisha retina haijabanduka, na papo hapo urefu wa jicho uandikwe, mtaalamu akadirie presha. Baada ya hapo aombewe rufaa kwa daktari bingwa wa konea, naye ataanza kwa kutazama kama jicho hilo linaweza kupokea konea ya binadamu. Likifaa, konea ya bandia haitahitajika. Na zile karatasi za vipimo mzitunze pamoja, hasa ya ultrasaundi, kwa sababu iwapo siku moja kifaa kitaagizwa, nguvu yake itakokotolewa kutokana na urefu ulioandikwa humo.